Pengo la karo ya chuo: ofisi za kubisha hodi ukiwa Mombasa

Swali

Mimi ni mama karanga, yaani nakaanga na kuuza samaki, naishi Mtongwe, Likoni. Binti yangu alipata C kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na ameitwa Kenya Coast National Polytechnic kusomea diploma, ataingia Septemba. Baba yake alifariki 2021. Binti ana uziwi wa kiasi masikio yote mawili tangu utotoni, lakini hatujawahi kumwandikisha popote. Ameshaomba ufadhili wa serikali kwenye mtandao, ila nikipiga hesabu naona pengo la kama shilingi 30,000 kwa mwaka, mbali na nauli na chakula. Watu wananiambia kuna pesa za serikali ambazo hazitangazwi. Ziko wapi, na nianzie wapi? Tena sisi ni Waislamu, na mkopo wenye riba unanitia uzito.

Jibu

Mama, pole kwa kuondokewa na mwenzako, na hongera kwa binti. Diploma huanzia C-, kwa hivyo nafasi yake ameipata kwa haki yake.

Hizo pesa hutangazwa, ila tangazo hubandikwa wiki mbili kwenye ubao wa ofisi ambayo wewe huna sababu ya kuipitia, na siku ukilisikia fomu zimekwisha kufungwa. Usitafute mfuko mmoja utakaoziba 30,000 zote. Kuna ofisi tano au sita, kila moja ina fungu dogo, masharti yake na msimu wake, na wanaofanikiwa ni wale wanaofika kote wakiwa na karatasi kamili. Kwa hali yenu, jambo zito zaidi ndilo ambalo bado halijaguswa: uziwi wa binti haujaandikishwa. Mimi ningelishika hilo kabla ya basari yoyote. Lakini karatasi kwanza, maana bila karatasi hata hilo halisongi.

Faili moja, nakala sita

Tafuta faili ya plastiki na utie ndani: barua ya kuitwa chuoni yenye nambari ya usajili, muundo wa karo wenye muhuri wa chuo, matokeo ya KCSE, cheti cha kuzaliwa cha binti, kitambulisho chake kama keshapata, kitambulisho chako, na cheti cha kifo cha baba. Toa nakala sita za kila kimoja siku hiyohiyo. Halafu nenda kwa chifu na barua ya mzee wa mtaa uandikiwe barua ya kuthibitisha kuwa unaishi Mtongwe, kuwa ni mjane na kazi yako ni ipi. Mwombe chifu aiandike bila kutaja ofisi moja, yaani "kwa yeyote anayehusika", ili barua moja itumike kote.

Kuna mambo mawili hapa yanayowakwamisha watu wa Pwani kuliko yote.

La kwanza ni cheti cha kifo. Sisi huzika siku hiyohiyo, kibali cha maziko hutolewa kwa haraka, na familia nyingi hukiweka kile kibali wakidhani ndicho cheti. Sicho. Kamati ya basari ikiona kibali cha maziko humhesabu mtoto kama ana wazazi wawili, na mfumo wa serikali wa mtandaoni hufanya vivyo hivyo. Ikiwa kifo cha 2021 kiliandikishwa wakati ule, unaomba cheti tu kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ikiwa hakikuandikishwa, miezi sita imeshapita na hiyo inakuwa maandikisho ya kuchelewa: utahitaji kibali kile cha maziko au karatasi ya hospitali, barua ya chifu, na kitambulisho cha marehemu au nakala yake. Huchukua muda, kwa hivyo lianze wiki hii.

La pili ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatma, shule ikaandika Fatuma, kitambulisho kikatoka Fatima, na jina la babu likaachwa kwenye KCSE. Kwa mtu ni jina moja, kwa kompyuta ni watu watatu. Linganisha herufi kwa herufi kwenye kila karatasi. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa hati ya kiapo kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, nayo huapwa mbele ya wakili aliye kamishna wa viapo. Tofauti kubwa, kama ya jina la ukoo, afadhali irekebishwe kwenye cheti chenyewe sasa kuliko kuzunguka na kiapo miaka mitatu.

Uziwi wa binti: mlango ambao hamjaubisha

Kenya ina Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, lililoundwa kwa sheria ya 2003. Baraza lina mfuko wa maendeleo, na ndani ya mfuko huo kuna msaada wa elimu unaolipwa moja kwa moja kwa chuo, na pia msaada wa vifaa, vikiwemo vifaa vya kusaidia kusikia. Walioko vyuo vya ufundi wanaruhusiwa kuomba. Wengi hawaombi kwa kuwa wanadhani ulemavu ni kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe. Upungufu wa kusikia nao unahesabiwa, na kinachoamua ni kipimo, si macho ya watu.

Njia yake ni hii. Kwanza binti afanyiwe tathmini katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo; kwa Mombasa ulizia Hospitali Kuu ya Pwani. Kabla ya kupanda feri uliza siku ya tathmini, kwa sababu wanaoifanya huwa na siku zao. Kwa masikio, atapimwa kusikia na kutolewa audiogramu, ile karatasi yenye mistari inayoonyesha desibeli za kila sikio. Daktari hujaza ripoti, ikatiwa saini na muhuri. Kwa ripoti hiyo ataandikishwa na baraza kupitia eCitizen. Kama mtandao unawatatiza, ofisi ya baraza ya kaunti husaidia. Mwisho hupewa kadi ya ulemavu, na ukiwa na kadi ndipo unapojaza fomu ya msaada wa elimu.

Yanayoharibika ni haya. Barua ya kliniki ya binafsi, hata kama ni ya bingwa wa masikio, haichukui nafasi ya ripoti ya tathmini. Ripoti iliyokosa saini moja au muhuri hurudishwa, nawe utakuwa umeshavuka Likoni. Isome pale dirishani kabla ya kuondoka. Na kadi haitoki siku mbili, kwa hivyo usingoje: ukishapata ripoti, toa nakala na uiambatishe kwenye kila fomu ya basari wakati kadi inashughulikiwa.

Ninajua wazazi wengi husita hapa. Wanaogopa binti ataitwa kiziwi, atakosa kazi au mchumba. Ninaelewa hofu hiyo, lakini naomba uipime na upande wa pili. Kadi haiandikwi usoni, huitoa anapoihitaji. Kifungu cha 54 cha Katiba kinataka hatua kwa hatua angalau asilimia 5 ya nafasi katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa na kuteuliwa ziwe za watu wenye ulemavu, na asiyeandikishwa hawezi kuzidai. Hata chuoni, mwanafunzi mwenye ripoti anaweza kuombewa muda wa ziada au mpango maalumu wa mtihani, mradi chuo kijulishwe mapema. Msichana aliyevuka KCSE kwa C huku hasikii vizuri amebeba mzigo ambao mwalimu huenda hakuujua. Apunguziwe.

Ufadhili wa mtandaoni: kagua mlichojaza

Tangu 2023 serikali hufadhili wanafunzi kwa mfumo unaopima hali ya nyumba. Maombi hufanywa kwenye tovuti ya Higher Education Fund, na kuna mafungu mawili: ruzuku ya masomo isiyorudishwa, na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Kwa vyuo vikuu, mwaka 2024 familia ziliwekwa katika bendi tano. Bendi ya kwanza hulipiwa ruzuku ya asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, familia ikatoa 5. Bendi ya tano ruzuku ni 30, mkopo 30, na familia hubaki na 40. Vyuo vya ufundi vina mgao wao, kwa hivyo msome ule ulioandikwa kwenye akaunti ya binti, msitegemee wa jirani aliyeko chuo kikuu. Mfumo huu ulipingwa. Mahakama Kuu iliukataa Desemba 2024, na Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo mwaka uliofuata. Ndiyo maana unasikia habari zinazogongana. Muda wote dirisha likiwa wazi, omba.

Sasa kosa la mama karanga, na nalisema kwa sababu ni la kawaida mno: kuandika mauzo mahali pa mapato. Tuseme umeuza samaki wa shilingi 4,000. Umenunua kwa 2,800, mafuta 500, makaa 200. Kilichobaki ni 500, tena siku ambayo bahari imetoa. Ukiandika 4,000 kwa siku, mfumo unakuona una zaidi ya laki moja kwa mwezi na unakutupa bendi ya wenye nafasi. Andika faida. Toa siku za kusi ambazo ngarawa hazitoki. Mpe binti hesabu ya miezi mitatu iliyoandikwa daftarini, maana wakiuliza, daftari ni ushahidi.

Kagua pia kama alijaza kuwa baba amefariki na kupakia cheti, kama alitaja ulemavu, kama idadi ya ndugu wanaosoma ni sahihi, na kama nambari ya simu imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Laini ya mjomba huzuia malipo. Akiwekwa bendi isiyolingana na hali yenu, kuna nafasi ya kukata rufaa kwenye akaunti ileile, na hapo cheti cha kifo na ripoti ya tathmini ndivyo vinavyobadilisha uamuzi. Rufaa isiyo na karatasi mpya hurudi na jibu lilelile.

Kuhusu riba. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Fatwa si kazi yangu. Hilo mkae na shekhe mnayemwamini. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba ruzuku na mkopo ni vitu viwili. Ruzuku haina riba wala deni, na mtu anaweza kuomba ruzuku peke yake. Nimeona familia zikikataa mkopo kwa sababu ya dini, kisha zikaacha na ruzuku wakidhani vimefungwa pamoja. Msifanye hivyo. Mkiamua kuacha mkopo, jueni tu kuwa pengo linakuwa kubwa kuliko hizo 30,000, na hesabu za basari zianze na pengo hilo jipya.

HELB ina dawati katika Huduma Centre ya pale Posta, Digo Road, na nambari ya *642# kwa simu. Nenda na binti mwenyewe, hawatazungumza nawe kuhusu akaunti yake.

Ofisi tatu za mtaani, na tofauti zake

Watu huziita zote "basari ya mheshimiwa", kisha hupeleka fomu moja wakidhani wamemaliza. Ni mifuko mitatu tofauti, na mnaweza kuomba yote mitatu bila kuvunja sheria.

Wa kwanza ni NG-CDF, mfuko wa serikali ya kitaifa wa maendeleo ya kila eneo bunge. Mombasa ina sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Jomvu na Changamwe. Ninyi ni wa Likoni, wadi ya Mtongwe. Ofisi nyingi huuliza kura yako iko wapi. Ikiwa bado unapiga kura kwenu ulikozaliwa, barua ya chifu ndiyo itakayokutetea. Usipeleke fomu maeneo bunge mawili. Majina hulinganishwa, na likionekana mara mbili hufutwa kote. Fungu la mtu mmoja huwa ni maelfu machache, si karo nzima. Jua pia kwamba Septemba 2024 Mahakama Kuu iliitangaza sheria ya mfuko huu kuwa kinyume cha Katiba na ikaupa muda hadi 30 Juni 2026, kwa hivyo kabla ya kujaza chochote uliza ofisini basari za msimu huu zinaendeshwaje.

Wa pili ni NGAAF, mfuko wa serikali ya kitaifa wa kuyainua makundi yaliyoachwa nyuma, ulioanzishwa 2015 na kufuatiliwa kupitia ofisi ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Huu ndio usiojulikana sana, na ndio unaowafaa zaidi. Umelengwa kwa wanawake, vijana, watu wenye ulemavu, mayatima na watoto wa familia zenye shida. Binti yenu anaingia kwenye zaidi ya kimoja cha vigezo hivyo. Wengi hudhani NGAAF ni ya vikundi vya akina mama vya kukopeshana tu. Ina fungu la basari pia. Uliza dirisha linafunguliwa lini, na uombe fomu ya wanafunzi wa vyuo, kwa sababu mara nyingi ya sekondari ni tofauti.

Wa tatu ni basari ya kaunti, inayoombwa kupitia wadi. Huu una historia unayopaswa kuijua ili usikate tamaa. Katiba imezipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Vyuo vikuu na vya kati ni vya serikali ya kitaifa. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti aliziandikia kaunti zisitoe basari za viwango visivyo vyao bila makubaliano ya maandishi na serikali ya kitaifa, jambo likaenda hadi mahakamani. Malipo yalichelewa sehemu nyingi. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini pesa za kaunti hufika baadaye, kwa hivyo usiitegemee basari hii kwa karo ya kuingilia Septemba. Ihesabu kuwa ya muhula wa pili.

Kwenye fomu zote hizi kuna mahali pa kueleza sababu, na watu huandika kilio kirefu. Wanakamati wana mamia ya fomu, wape hesabu. Andika hivi: karo ya mwaka ni kiasi hiki, ruzuku imelipa hiki, salio ni hiki, mimi mzazi nitalipa hiki kwa biashara ya samaki, tunaomba hiki. Kisha sentensi mbili: mjane, binti ana upungufu wa kusikia, ripoti imeambatishwa. Mzazi aliyeonyesha atalipa kiasi gani huaminiwa kuliko aliyeomba yote. Ambatisha taarifa ya salio la karo yenye muhuri wa chuo iliyotoka karibuni, maana ya miezi sita iliyopita hukataliwa.

Kazi yako ya samaki nayo ina mlango

Je, uko kwenye BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, ya pwani yenu? Kanuni za vikundi hivi vya usimamizi wa fuo hazihusu wavuvi wenye vyombo peke yao, na mchuuzi wa samaki anaweza kuwa mwanachama. Nakuuliza kwa sababu miradi ya serikali ya bahari na uvuvi hupitia huko. Mradi wa KEMFSED, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia katika kaunti za Pwani, ulikuwa na fungu la kuwasomesha watoto wa jamii za wavuvi, na waliojulikana na BMU ndio waliokuwa karibu na habari. Miradi huja na kuisha. Uanachama hubaki, na mradi unaofuata utaanza na orodha ileile. Jiandikishe, lipa ada yako, uombe risiti, na uhakikishe jina limeingia kwenye daftari la wanachama. Kisha uliza afisa wa uvuvi kama kuna mpango wa masomo unaoendelea.

Chuoni kwenyewe

Hapa pafupi. Binti akiripoti, aende ofisi ya mkuu wa wanafunzi siku ya kwanza, si siku ya mtihani anapozuiwa mlangoni. Aombe mpango wa kulipa kwa awamu kwa maandishi, aulize kama chuo kina kazi za malipo kwa wanafunzi, na aache nakala ya ripoti ya tathmini. Feri kwa anayetembea ni bure, lakini matatu ya kutoka upande wa kisiwani hadi Kisauni Road itamla kila siku. Hesabu hiyo muiweke kando na karo, kwa sababu basari hazilipi nauli.

Kwa wasomaji wengine wenye hali tofauti

Aliyeitwa KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, aulize HELB kuhusu Afya Elimu Fund, mkopo uliotengwa kwa wanaosomea afya, na kama dirisha lake limefunguliwa. Mtumishi wa umma anayetaka kujiendeleza ana mfuko wa mafunzo unaoendeshwa na HELB kwa ajili ya wafanyakazi wa serikali. Kijana ambaye hakupata alama, lakini anajua kazi ya ufundi kwa mkono, aende NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, afanye mtihani wa daraja, daraja la tatu hadi la kwanza. Cheti hicho kina uzito kwa waajiri na gharama yake haifikii diploma. NYS, huduma ya kitaifa ya vijana, nayo humfundisha kozi kijana aliyejiunga nayo baada ya mafunzo ya awali, kwa gharama ya serikali.

Wenye alama za juu wasidharau nafasi za masomo za nje zinazopitia Wizara ya Elimu: China, India, Hungary, Morocco, Algeria na nyinginezo. Hutangazwa kwenye tovuti ya wizara na mara nyingi huachwa wazi kwa wiki chache tu. Ya Hungary, kwa mfano, hufunguliwa karibu na Novemba na kufungwa Januari. Kinachowaangusha watoto wa Pwani hapa ni pasipoti: tangazo likitoka ndipo wanapoanza kuitafuta. Anayetaka nafasi hizo awe na pasipoti mkononi kabla ya tangazo.

Anayeomba "kitu kidogo", na anayekataa kujibu

Fomu zote nilizotaja ni za bure. Mtu akikuuzia fomu, akidai elfu mbili "ya kusukuma jina", au akiomba nambari ya siri ya M-Pesa ili "HELB itume pesa", ondoka. Wajane hulengwa zaidi na watu hawa kwa sababu wanajua mna haraka.

Ukikataliwa, usiishie kwenye neno la mlinzi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakupa haki ya kuandikia ofisi ya umma kuuliza vigezo vilivyotumika na kama fomu yako ilipokewa, na ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokewa na ubaki nayo. Wakinyamaza, malalamiko hupelekwa bila malipo kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ofisi ya Ombudsman.

Jina likitoka

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, baada ya furaha. Basari hulipwa kwa chuo, kwa hundi au kupitia benki, na kwa kawaida hundi moja hubeba majina ya wanafunzi wengi pamoja na orodha. Nambari ya usajili ikikosewa tarakimu moja, chuo kinapokea pesa lakini hakijui za nani. Zinakaa kwenye akaunti ya pesa zisizo na mwenyewe huku binti akidaiwa. Kuna na hili: hundi hufa baada ya miezi sita. Nyingine hulala kwenye droo ya ofisi ikingoja mtu wa kuipeleka, ikafa humo.

Kwa hivyo siku jina litakapobandikwa ubaoni, lipige picha likiwa na tarehe. Uliza nambari ya hundi, tarehe yake, kiasi cha binti, na nani ameipeleka chuoni. Andika haya daftarini. Baada ya wiki mbili binti aende ofisi ya fedha ya chuo na nakala ya orodha, aulize kama imeingizwa kwenye akaunti yake. Kama haionekani, aombe watafute kwa nambari ya hundi, si kwa jina. Ikionekana, achukue risiti yenye jina lake na nambari yake, kisha achapishiwe taarifa mpya ya salio.

Toa nakala mbili za risiti hiyo. Moja irudishe ofisi iliyotoa basari, kwa sababu kamati nyingi huanza na waliorudisha risiti wanapogawa tena. Nyingine iweke kwenye faili pamoja na matokeo ya muhula, maana maombi yote haya, pamoja na ya mtandaoni, hujazwa upya kila mwaka wa masomo, na Januari fomu za NG-CDF zikitoka hutakuwa na muda wa kuvuka feri kutafuta karatasi moja.